Kutoka Kurusyo Hadi Kurusyo

Wenzangu wa chumba cha walimu, na nyinyi wengine mnaonisimamisha sokoni hapa Kibondo kuniuliza kama ni kweli nilimposea Baraka mwanamke asiyemjua: nimeamua kuyaandika yote mara moja ili nipate kunywa chai yangu kwa amani. Ni kweli. Nilimposea. Lakini sivyo mnavyosimuliana, na hakuna aliyenikimbiza na panga.

Kwa wale wa mbali watakaoletewa maneno haya, mimi ni Shabani, mwalimu wa Kiswahili, mtu wa Muheza, niliyeletwa Kibondo kikazi nikiwa na nywele nyingi kuliko sasa. Baraka anafundisha hisabati, kijana wa Singida, mpole, mtu wa kukaa kutwa nzima bila kutoa neno lisilo na namba ndani yake. Alikwenda zahanati kuchomwa sindano baada ya kukanyaga msumari, akamkuta muuguzi anaitwa Neema, na tangu hapo amekuwa akikanyaga misumari mara nyingi kuliko kawaida ya watu. Baba yake Baraka ni mgonjwa wa miguu na hawezi kusafiri. Kwa hiyo nikaombwa mimi niwe mshenga, nikabishe hodi kwa wazee wa Neema.

"Wewe una maneno, Mwalimu," Baraka aliniambia.

Ninayo. Na ndiyo yaliyoniponza.

Kibondo hadi Makere

Tulipangwa kwenda wawili. Mwenzangu alikuwa Mzee Lukasi wa stoo ya shule, ambaye aliijua njia kwa sababu aliwahi kufuata maharage pande zile. Asubuhi ya safari nilimkuta kitandani amejifunika blanketi juu ya blanketi, anatetemeka kwa malaria.

"Nenda tu, Mwalimu," alisema, meno yakigongana. "Kurusyo si pa kupotea."

Neema naye, aliyetangulia kwao kuandaa mapokezi, alikuwa ameniambia maneno hayo hayo. "Ukifika Titye, sema unakwenda Kurusyo, kwa Ntahondi. Kila mtu anapajua."

Nikapanda Coaster nikiwa nimevaa kanzu nyeupe niliyoshonewa Tanga, koti juu yake, kofia ya mkono kichwani. Nilitaka wakiniona tu wajue kwamba Baraka ana watu. Mapajani nilipakata dumu la asali, zawadi ya wazee. Jirani yangu alikuwa mama wa Kikongomani aliyekuwa anarudi kambini Nyarugusu, na kati ya miguu yetu aliweka ndoo ya mawese iliyofunikwa kwa jani la mgomba.

"Ile ndoo ni ya miye, papa," aliniambia. "Uichunge na muguu yako, isimwangike."

Nikaichunga. Tulikwenda vizuri, lami inateleza, watu wanasinzia, mpaka tulipopita Busunzu na dereva akaona uyoga. Akina mama walikuwa wamekaa kando ya barabara na mabeseni ya uyoga mkubwa kama vifuniko vya sufuria. Dereva, ambaye hadi hapo alikuwa mtu mwenye busara, alikanyaga breki kwa miguu yote. Basi likasimama. Mawese hayakusimama.

"Ooh, pardon, papa! Pardon sana!" Mama alichomoa kitenge chake na kuanza kunipangusa, na kila alipopangusa, doa lilihama na kuongezeka. Lilianzia gotini, likafika kifuani. Mwisho alijiegemeza nyuma, akaniangalia kama mtu anayetazama ukuta alioupaka rangi. "Si mubaya," alisema. "Sasa unafanana mutu ya arusi."

Huko chini dereva alikuwa amechagua beseni lake, lakini mzee mmoja akachungulia dirishani na kutangaza kwamba uyoga ule unaua. Mwenye uyoga akasimama, mikono kiunoni. "Nimekula jana, baba. Nimekufa?" Mzee akasema kuna watu huchelewa. Hapo gari zima likateremka kutoa maoni. Wengine waliunusa, wengine waliupasua, dada mmoja akasimulia habari za shemeji yake aliyekula uyoga na kuona tembo chumbani. Tulikaa pale mpaka jua likawa kali. Dereva hakununua. Aliyeununua ni yule mzee aliyesema unaua, beseni zima, kwa bei iliyoshuka kwa ajili ya maneno yake mwenyewe.

Makere hadi Kasulu

Makere mama wa mawese alishuka. Kwa kuniomba radhi alinipa kipande kikubwa cha muhogo wa kuchoma, nikakila chote, na mpaka Kasulu sikuwa na kinyongo naye tena.

Kasulu nililala nyumba ya wageni nyuma ya stendi. Mwenye nyumba, mwanamke mwenye huruma, aliichukua kanzu akaifua kwa sabuni ya mche, kisha kwa majivu, kisha kwa limau. Ilirudi na doa lililopauka lenye kingo zilizonyooka vizuri, mithili ya ziwa kwenye ramani ya darasani.

Jioni nikala ugali wa muhogo na samaki aina ya mgebuka wa kukaanga, na nikiwa ninaoshwa mikono nikauliza kwa sauti, kama mtu anayeanzisha mazungumzo, Kurusyo ni upande gani.

"Hakuna," alisema bwana mmoja wa meza ya pili aliyevaa shati la kuchomekea. Alijieleza kuwa ni mtumishi wa siku nyingi na anavijua vijiji vyote. "Kurusyo si kijiji. Wala si kitongoji. Kuna kitongoji kinaitwa Mlimani B. Labda ndicho."

"Kurusyo ipo," alisema dada aliyetuhudumia. "Mama yangu mdogo ameolewa kule. Ni juu, penye migomba."

"Juu wapi?" akaingilia mpishi kutoka jikoni. "Kurusyo ni ng'ambo ya mto. Hao wa juu wanajiita tu."

"Wanajiita? Nani anajiita? Jiwe liko kwa nani?"

"Jiwe gani, lile bakuli la kunyweshea kuku?"

Wakabishana hivyo mpaka mgebuka wa mtu mwingine ukaungua. Mimi nilidhani wanabishana kuhusu njia, nikajiambia nitauliza Titye. Kumbe walikuwa wananisomea historia yote ya mahali nilipokuwa ninakwenda, bure, na mwalimu mzima sikusikiliza.

Kasulu hadi Titye, na kupanda

Titye nilifika asubuhi kwa gari la mizigo lililobeba saruji, kwa hiyo doa la mawese likapata unga juu yake. Vijana wa bodaboda walinizunguka. Nilimchagua mmoja anayeitwa Jofrey kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na kofia ngumu mbili. Wazazi wake walikuja kama wakimbizi kutoka Burundi, yeye akazaliwa kambini Mtabila. Kambi ilipofungwa, familia yao ilikuwa imeshapata uraia, nao wakabaki kulima na kuuza mitumba. Kiswahili chake nusu kilitoka redioni na nusu kwa mama yake.

"Kurusyo, kwa Ntahondi," nikamwambia.

"Ntahondi mkubwa?"

Nikaona ni swali la heshima. "Mkubwa kabisa," nikamjibu.

Kumbukeni swali hilo mnaponicheka. Nani kati yenu angesema hapana, nipeleke kwa mdogo?

Njia ilipanda kwenye mashamba ya maharage na mihogo, ikaingia kwenye migomba, ikawa nyembamba, kisha ikawa mfereji. Jofrey alikuwa anaongea bila kugeuka, na upepo ulikuwa unanipa nusu ya maneno. Watu wa Kurusyo, alisema, ni ukoo mmoja tu. Wakati watu wote walipokuwa wanahamishiwa kwenye vijiji vya barabarani, na wao walibebwa kwa malori. Baadaye, kelele zilipopoa, wakarudi mlimani kimyakimya, nyumba moja leo, nyingine kesho. Serikali ilikuwa imeshawaandika kwingine na haikuwaandika tena huku. "Ndo maana, Mwalimu, hapa tunapokwenda hapapo." Enzi za kambi walishusha ndizi Mtabila kwa baiskeli na pesa ikawapo, mama yake Jofrey alikuwa mteja wao.

Mlima ulipozidi, pikipiki ilikataa kutubeba wawili. Nikashuka. Kidogo tena ikakataa kumbeba hata Jofrey. Tukaisukuma, mimi kwa nyuma, na tope lililorushwa na tairi likapata nafasi yake kwenye kanzu kati ya mawese na saruji. Hivyo ndivyo nilivyoingia Kurusyo: mshenga wa Tanga, mwenye rangi tatu.

Kurusyo

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, uwanja umefagiliwa, migomba kila upande. "Hodi!" Jofrey aliita. "Bibi, nimekuleteeni mgeni!"

Akatoka bibi mwembamba amejifunga kitenge, akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, kisha akapiga kofi na kucheka mpaka akashika nguzo. "*Umugeni?*" alisema. "Mbona ana ndevu?"

Jofrey akanieleza huku naye anacheka: kwa Kiha *umugeni* ni bibi harusi. Bibi alijua Kiswahili vizuri sana, alikuwa anafanya mzaha tu. Huyo ndiye Bibi Velonika, na laiti mazungumzo ya siku ile ningeyafanya na yeye peke yake, tungemaliza mapema.

Lakini nilipelekwa kwa mumewe, Mzee Yoramu Ntahondi, mtu mrefu mwenye mguu mbovu, aliyekaa kwenye kiti cha uvivu mbele ya nyumba. Sikuona kiti kingine karibu. Palikuwa na jiwe pana, limeingia ndani katikati kwa kusuguliwa, lina maji ya mvua. Nikainama nikalie ukingo wake.

"Usikalie!" Watu wote walipiga kelele. Hata kuku waliruka.

Mzee alinionyesha jiwe kwa fimbo. "Hilo ndilo *urusyo*. Jiwe la kusagia. Baba yetu alipokuja kufungua pori hili alilikuta hapa, akasema nitakaa jiwe lilipo. Ndiyo maana panaitwa Kurusyo, penye jiwe. Malori yalipokuja kutuhamisha, mke wangu hakuliacha. Aliling'ang'ania mpaka likapakiwa. Na tuliporudi tulirudi nalo. Jiwe liko hapa, kwa hiyo Kurusyo ni hapa." Alisema neno "hapa" huku anatazama upande wa pili wa bonde kama anayetaka lisikike huko.

Nikasema nimejifunza. Nikapewa kiti. Nikatoa dumu la asali, likapokelewa kwa vigelegele vya kadiri. Kisha nikasimama, nikakohoa, nikaanza hotuba niliyoifanyia mazoezi tangu Busunzu.

Sasa, wenzangu, kwetu pwani mtu hataji jina la binti siku ya kwanza. Ni kukosa adabu. Unalizunguka.

"Wazee wangu," nikasema, "sisi tulikuwa wapita njia. Tulipopita tukaona kwenye bustani yenu ua limechanua, na harufu yake ikatufuata hadi nyumbani. Tangu siku hiyo kijana wetu halali, na akilala haoti kingine. Nimetumwa nije niulize kwa unyenyekevu, je, ua hilo limekwisha kuwekewa ugo na mtu mwingine, au bado linangoja mkono wa kulimwagilia?"

Mzee Yoramu alifumba macho kwa raha. Wazee wengine wawili watatu waliokuwa wamesogea wakamwangalia Jofrey, ambaye aliwatafsiria kwa Kiha. Ilichukua muda wa kupiga chafya.

"Umewaambia nini?" nikamnong'oneza.

"Kwamba unataka binti."

"Tulikuwa tunawangoja," alisema Mzee Yoramu. "Mmechelewa, lakini mmekuja. Kijana wenu tumesikia habari zake. Anafanya kazi gani vile?"

Hata hapo ningeweza kusema ni mwalimu wa hisabati. "Ni mkulima, mzee," nikasema. "Lakini shamba lake ni vichwa vya watu."

"Tunajua, analima kweli kweli," alisema mzee. "Mashamba makubwa."

Nikafurahi kuona anaelewa lugha ya picha. Tukala kwanza: kuku wa kienyeji, ndizi za kupika, maharage yaliyoungwa kwa mawese, na Bibi Velonika akanihakikishia kwamba kuku amechinjwa na jirani yao Mwislamu, kwa maana walijua kuna wageni wa kila dini. Nilikuwa na paja mkononi wakati binti alipoitwa. Alikuja amevaa gauni jipya, akapiga magoti mbele yetu, macho chini.

"Unamfahamu mgeni huyu na waliomtuma?" akauliza babu yake.

"Nawafahamu," alisema binti kwa sauti nyembamba.

Vigelegele vikapasuka. Na mimi nikaganda na paja langu. Neema ninamjua, amenichoma sindano mara nyingi, na mtu huwezi kusahau sura ya anayekuchoma. Huyu hakuwa Neema. Nikajipa moyo kwamba labda ni mdogo wake, ametangulizwa kwa desturi za huku.

"Na mwenyewe yuko wapi?" nikauliza.

Vigelegele vilikatika.

"Mwenyewe nani?" aliuliza mzee. "Si huyu Happy?"

Nilikimeza kipande cha kuku bila kukitafuna. "Mzee wangu, mimi nimetumwa na Baraka, mwalimu wa Kibondo. Kwa ajili ya Neema. Muuguzi."

Happy akainua macho kwa mara ya kwanza, akaniona vizuri, akafunika uso kwa viganja na kukimbilia ndani. Nilikuja kujua kwamba yeye ana mchumba, dereva wa trekta wa Kasulu, ambaye watu wake wamekuwa wakisema watakuja, watakuja. Siku ile alidhani wamekuja. Katika yote yaliyonipata safari nzima, sauti ya mlango ule ukifungwa ndiyo iliyoniuma.

Mzee Yoramu alisimama kwa shida. "Neema wa Filemoni? Umepita kwangu, umekula kuku wangu, unakwenda kwa wa jiwe dogo?"

"Mzee, mimi niliambiwa Kurusyo, kwa Ntahondi..."

"Kurusyo ni hapa!"

Bibi Velonika alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya kitenge, mabega yanatikisika. Nilidhani analia.

Kurusyo hadi Kurusyo

Ng'ambo ya bonde, juu ya mto, palikuwa na nyumba nyingine, migomba mingine na moshi. Jofrey alinieleza sasa, kwa ukamilifu, yale ambayo upepo ulikuwa umeyachukua. Filemoni ni mdogo wake Yoramu, baba mmoja, mama mmoja. Malori yalipowashusha sehemu mbalimbali, jiwe la chini lilikwenda na Yoramu, na lile dogo la juu, la kushika mkononi, likaenda na Filemoni. Waliporudi kila mmoja alijenga upande wake, akamtaka mwenzake alete jiwe lake. Hakuna aliyeleta. Tangu hapo ndugu hao hawajasalimiana, na kila mmoja anasema kwake ndiko Kurusyo.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilikuuliza mkubwa au mdogo, Mwalimu. Ukasema mkubwa *kabisa*."

Nikateremka bonde kwa miguu, nikavuka mto juu ya mawe, viatu mkononi, nikapanda upande wa pili. Habari zilikuwa zimenitangulia. Mtu fulani alikuwa amesimama mgombani na kupiga kelele kuvuka bonde, "Mshenga wenu ameposa huku!" na upande huu walikuwa wamesikia kila silabi.

Neema alisimama mlangoni, mikono kifuani, vile vile anavyosimama pale mgonjwa anapokataa dawa.

"Mwalimu. Umekula?"

"Kidogo."

"Umekula kuku wao."

Ndani walikuwa wameandaa mchele na nyama ya mbuzi, na vyote vilikuwa vimepoa. Mzee Filemoni alikuwa mfupi na mkali. Jiwe dogo lilikuwa juu ya kabati, limetandikiwa kitambaa cha kufuma, kama redio. Nilianza kusema kuhusu ua. Akanikatisha.

"Ua uliliona kule. Lichukue lile."

Nikaacha maua yote. Nikamwambia kwa maneno ya kawaida kwamba Baraka ni kijana mwema, kwamba anampenda Neema, kwamba kosa ni langu na si lake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mwambie kaka yangu alete jiwe langu la chini. Siku litakapofika uwanjani hapa nitasikia habari za Baraka. Kabla ya hapo, hapana."

Neema aligeuka akaingia jikoni. Nilipomfuata nilimkuta anakoroga sufuria isiyo na kitu. "Babu akisema, amesema," aliniambia, na sauti yake haikuwa ya muuguzi tena. "Mama yangu mkubwa aliachwa hivi hivi, kwa jiwe hilo hilo."

Basi nikateremka tena, nikavuka, nikapanda. Mzee Yoramu alinisikiliza akiwa ameangalia pembeni. "Dogo ndilo linalokuja kwa kubwa," alisema. "Alete yeye." Nikateremka, nikavuka, nikapanda. "Alisema hivyo? Mwambie mwenye nusu kubwa ndiye mwizi mkubwa." Nikateremka. Safari hiyo soli ya kiatu changu cha kushoto ilibaki kwenye tope na sikuirudia. Kanzu yangu sasa haikuwa na rangi yenye jina. Nilikuwa ninawaza nitamwambia nini Baraka, aliyeniamini kwa ajili ya maneno yangu, na yote yamekwisha.

Mtoni

Penye mawe ya kuvukia niliwakuta bibi wawili wamekaa, ndoo zao pembeni, miguu majini. Mmoja alikuwa Bibi Velonika. Wa pili alikuwa mnene, amefunga kilemba, nami nilikuwa nimemwona juu kule akichochea moto bila kusema kitu: Bibi Stefania, mke wa Filemoni, bibi yake Neema. Walikuwa wanacheka. Bibi Velonika alikuwa anamwonyesha mwenzake jinsi nilivyomeza kile kipande cha kuku.

"Nyinyi mnazungumza?" nikauliza.

"Maji tutachota wapi?" alisema Bibi Stefania. "Mto ni mmoja. Tunazungumza kila siku, mwanangu. Wanaogombana ni wao."

Nikakaa juu ya jiwe, nikawaeleza nilivyokwama. Kwamba Baraka na Neema hawataoana mpaka jiwe livuke bonde, na halitavuka. Walitazamana. Bibi Velonika akasema kitu kwa Kiha. Bibi Stefania akatikisa kichwa. Bibi Velonika akasema tena, kwa msisitizo, na nilisikia jina la Neema. Kisha Bibi Stefania akavuta pumzi, akasimama ndani ya maji, akamwita mumewe kwa sauti ambayo sikudhani mwili ule unayo. Bibi Velonika akageukia upande wake, akamwita wake.

Wakaja. Mmoja kwa fimbo, mwingine kwa hasira, kila mmoja akasimama ukingo wake, akitazama kila kitu isipokuwa ng'ambo.

"Filemoni," alisema Bibi Stefania, "siku ya malori, nani alilibeba jiwe dogo?"

"Wewe. Uliliokoa. Uliliviringisha kwenye nguo za mtoto."

"Sikuliokoa. Nililificha."



"Tulikuwa wake wapya nyumbani kwenu," alisema Bibi Velonika, "yeye na mimi. Mama yenu, Mungu amrehemu, alituamsha kabla ya jogoo kusaga ulezi. Kila siku. Mgongo wangu huu unaouona, ni lile jiwe. Malori yalipokuja tukaambiana, kila mmoja apande na lake, lori tofauti. Mama akikosa moja hawezi kutusagisha."

"Tulidhani ni wiki mbili tatu za kupumzika," alisema Bibi Stefania. "Tuliporudi, nyinyi mkaanza. Leta langu, leta lako. Mara mmejenga mbalimbali, mara mnaeleza wageni habari za baba yenu na pori. Sisi tungesema nini? Mkipatana, mawe yanakutana. Yakikutana, nani anapiga magoti? Tukanyamaza. Baadaye mashine za kusaga zikaja, lakini nyinyi mlikuwa mmeshazoea kugombana."

"Uliling'ang'ania lile jiwe mpaka likapakiwa," alisema Mzee Yoramu polepole, kwa mkewe.

"Nilitaka liende *mbali na lenzake*, baba."

Mzee Filemoni aligeuka akatazama nyumba yake kule juu. Nadhani alikuwa analiona lile jiwe kabatini, na kile kitambaa. Mzee Yoramu ndiye aliyeanza, kwa puani kwanza, kama mtu anayezuia chafya, kisha akaachia, akacheka mpaka fimbo ikateleza na akakaa chini kwenye majani bila kupenda. Alijaribu kuinuka akashindwa. Mdogo wake alimtazama akihangaika. Akavua ndala, akaingia majini, akavuka, akamshika kwapani.

"Mguu huu," alisema Mzee Filemoni, bila kumwangalia usoni, "tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka ule nilipoanguka mgombani."

"Sikuambiwa."

"Ningekuambia na nani?"

Wakabaki hapo wameshikana, wawili hao, kila mmoja anajifanya anamsaidia mwingine kusimama. Sikusema neno. Ndiyo mara yangu ya kwanza katika safari nzima kunyamaza wakati unaofaa.

Bibi Velonika alijitwisha ndoo yake. "Na wewe mwenye maneno," aliniambia, "ukipita Kasulu mtafute yule wa trekta. Mwambie aje kwa Happy kabla hujamposea mwingine." Nilimtafuta. Amekwenda, na safari hii na mjomba wake aliyetaja jina la binti kabla hata ya kusalimia.

Neema alikuwa ameteremka, amesimama juu ya ukingo nyuma ya bibi yake. Nikaona sasa ndiyo nafasi. Nikafungua mdomo, na Bibi Stefania akaniinulia kiganja.

"Swali moja tu," alisema. "Huko Kibondo, karibu na nyumba ya huyo Baraka, mashine ya kusaga ipo?"

"Ipo, Bibi. Ukitoka mlangoni unaiona. Kelele zake hatulali mchana."

Alimgeukia mjukuu wake, akamtazama kitambo, kisha akanigeukia mimi.

"Basi mwambie aje."